Mwalimu Mmoja kwa Mtoto Mmoja

Miongoni mwa gharama ambazo jamaa za mijini siku hizi hujitwika, hata wale ambao kodi ya nyumba na bei ya unga huwataabisha kila mwisho wa mwezi, umo ujira wa mwalimu wa nyumbani: mtu mmoja, aghalabu kijana aliyemaliza chuo na bado anasubiri ajira, au mwalimu wa shule aliyekwisha kuchoshwa na kazi ya mchana, ambaye hubisha hodi baada ya sala ya alasiri, akaamkiwa shikamoo, akawekewa kiti, akakabidhiwa mtoto wa miaka kumi na tatu au kumi na minne pamoja na fungu la madaftari ya Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi na Jiografia, kisha akaambiwa na mama mwenye nyumba, "Mwalimu, tusaidie, huyu hana somo hata moja analoliweza." Yafaa kuuliza, kabla ya kusifu desturi hii au kuilaumu, mama huyo amenunua nini. Je, amenunua saa mbili zaidi za somo lile lile lililofundishwa mchana, au amenunua kitu cha jinsi nyingine ambacho shule, hata iwe njema namna gani, haina nafasi ya kukitoa? Mambo hayo mawili yana tafauti kubwa, na fedha nyingi hupotea kwa kutoyapambanua.

Mafundisho ya mtu kwa mtu ni makongwe kuliko shule. Aristotle alimfundisha Alexander kabla hajawa mfalme. Na katika dola ya Waabbasi wana wa makhalifa walikuwa na waadibu wao, ambao hawakuajiriwa kwa somo moja bali kwa mtoto mzima. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika kitabu chake cha Mukadima alichokiandika mwaka 1377, amehifadhi wasia wa khalifa Harun al-Rashid kwa mwalimu wa mwanawe al-Amin, na mtu akiutazama vizuri ataona kuwa ni mtaala kamili wa masomo mengi chini ya mwalimu mmoja: Kurani, mashairi, habari za kale, mwenendo wa Mtume, na adabu ya kuzungumza pahali pake, pamoja na onyo kwamba saa isipite bila faida, wala faida hiyo isitafutwe kwa kumhuzunisha mtoto hata akili yake ikafifia. Huku pwani hatukuwa na makhalifa, lakini tulikuwa na vyuo. Na chuo cha Kurani, ambacho wasiokijua hudhani ni makelele ya watoto wengi wakisoma kwa pamoja, kwa hakika kilikuwa, na pengi bado ni, mafundisho ya mmoja mmoja yaliyokusanywa chini ya dari moja. Huyu yumo katika alifu na be, yule amefika juzuu ya Amma, mwingine anakaribia kuhitimu. Kila mmoja huitwa mbele ya mwalimu kwa zamu yake, akasoma pale alipofikia, akasahihishwa, na haongezewi jipya mpaka la jana limetulia, ilhali waliotangulia huwashika mkono walio nyuma. Nitakirudia chuo mbele, kwa kuwa kina jibu ambalo wachumi wa elimu wamelitafuta kwa gharama nyingi.

Si kwamba mtoto hawezi kujua lolote pasipo mwalimu wa peke yake. Salme binti Said, bintiye Sayyid Said wa Unguja, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi wasichana walivyofundishwa kusoma tu na kunyimwa kuandika, naye akajifundisha kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Watoto wa namna hiyo hawazuiliki. Walakini si wengi, na si hao ambao wazazi wao huita mwalimu wa jioni.

Mjadala wa zama zetu juu ya jambo hili ulipata nguvu mwaka 1984, pale Benjamin Bloom wa Chicago alipotoa makala ambayo tangu hapo hunukuliwa na kila mwenye biashara ya masomo ya ziada. Akitegemea majaribio ya wanafunzi wake wawili, Anania na Burke, alisema kuwa mtoto wa kiwango cha katikati, akifundishwa peke yake na mwalimu mwema, hufikia pahali pa kuwapita 98 katika kila watoto 100 waliofundishwa kwa njia ya kawaida katika darasa la watu 30. Wauza masomo huishia hapo. Bloom mwenyewe hakuishia hapo, kwani hakuyaandika hayo kuwapamba walimu wa nyumbani; aliyaandika kama mushkeli, akiuliza kwamba, maadamu hakuna taifa liwezalo kumlipia kila mtoto mwalimu wake, ni njia gani ya darasani itakayokaribia natija ile. Na waliofuata wamelipunguza dai lake. Majaribio yale yalikuwa ya wiki chache, juu ya mada nyembamba, na watoto waliofundishwa peke yao walidaiwa kiwango cha juu zaidi cha kufaulu kabla ya kuruhusiwa kwenda mbele. Kurt VanLehn, alipoyakusanya matokeo ya watu wengi mwaka 2011, aliona faida ya kumfikisha mtoto wa katikati kuwapita kadiri ya 78 kati ya 100. Na mapitio ya mwaka 2020, yaliyokusanya majaribio 96 ambamo watoto waligawanywa kwa kura, yalishusha wastani hadi kadiri ya 64. Mtu asiyezoea hesabu hizi asivunjike moyo kwa kuona 98 imekuwa 64. Katika elimu, ambamo mageuzi mengi yenye kelele hayaoneshi faida ya kupimika, jambo linalomtoa mtoto pahali pa 50 na kumweka pahali pa 64, tena katika majaribio mengi kiasi hicho, ni jambo kubwa.

Faida hiyo hutoka wapi? Watu wengi hudhani hutoka katika wingi wa maelezo: mtoto akielezwa peke yake, bila ghasia, yale ambayo darasani hayakusikika, ataelewa. Dhana hii ina ukweli kidogo na hadaa nyingi. Kipindi cha dakika 40 katika darasa la wanafunzi 60, kikigawanywa sawasawa, humpatia kila mtoto sekunde 40 za mwalimu wake. Na kwa sekunde 40 mwalimu aweza kuona kuwa jibu ni kosa, lakini hawezi kuona kosa limezaliwaje.

Nitatoa mfano mmoja, nao nitaushika kwa urefu, kwa kuwa waliopita shule za msingi za Tanzania wanaujua. Watoto hufundishwa mpangilio wa matendo ya hesabu kwa neno MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nalo ni neno jepesi kushika, lisilomtoka mtu hata uzeeni. Mpe mtoto aliyelihifadhi hesabu hizi tatu: 24 + 6 − 4, kisha 18 − 5 × 2, kisha 24 − 6 + 4. Ya kwanza atapata 26, nayo ni sahihi. Ya pili atapata 8, nayo ni sahihi. Ya tatu atapata 14, na jibu lake ni 22. Mwalimu mwenye madaftari 60 mbele yake atatia vema mbili na kosa moja, ataandika kwa wino mwekundu "Punguza uzembe", na kulifunga daftari. Lakini mtoto huyu hakuzembea hata kidogo. Kosa lake ni la utiifu. Ukiketi naye bega kwa bega, ukamwambia kwa upole, "Hebu nioneshe ulivyoanza, mwanangu," atakuonesha kwa kidole: "Nimeanza kujumlisha, mwalimu, sita na nne ni kumi, kwa sababu JU iko mbele ya TO, halafu ndiyo nikatoa." Hakuna aliyemwambia, au aliambiwa siku ambayo hakuwapo, kwamba kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia, kama ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha. Na kwa sababu kanuni yake mbovu humpa majibu sahihi mara nyingi, yeye hana sababu ya kuishuku, na wenzake hawaioni, na mwalimu wake hukutana na makosa yanayotokea na kutoweka kama ya mtu asiye makini. Kumwongezea mtoto huyu mazoezi ishirini ni kuitia ufunguo saa yenye gurudumu lililopinda. Maelezo yanayomfaa hayazidi dakika mbili. Thamani ya mwalimu haikuwa katika dakika hizo mbili, ilikuwa katika kumi zilizotangulia, alipokuwa amenyamaza na kutazama kidole.

Hayo si maoni yangu tu. Michelene Chi na wenzake, katika utafiti waliouchapisha Marekani mwaka 2001 juu ya wanafunzi wa darasa la nane waliokuwa wakijifunza mzunguko wa damu, waliwakataza walimu wasieleze kitu wala wasiseme kama jibu ni sahihi au si sahihi, bali wamchokoze mwanafunzi tu kwa maneno ya kumtaka aendelee kusema. Na wanafunzi hao wakajifunza sawa na wale walioelezwa kwa kirefu. Kumbe sehemu kubwa ya maelezo ambayo mwalimu hujivunia, na ambayo baba aliyeketi sebuleni na gazeti lake huyasikia akaridhika kwamba fedha yake inafanya kazi, yaweza kuondolewa bila hasara. Hapa pana msiba mdogo wa biashara hii: mwalimu anayesema sana huonekana hodari, na anayenyamaza ili mtoto aseme huonekana mvivu, hata akaachishwa.

Umri nao una sehemu yake. Mtoto wa darasa la pili huuliza lolote mbele ya yeyote. Lakini kati ya miaka 12 na 15 huingia tahayari, na kijana huona afadhali asijue kuliko kuonekana hajui, hasa mbele ya wenzake wa jinsia nyingine. Swali ambalo hataliuliza mbele ya watu 60 ataliuliza mezani, ikiwa mwalimu hana kejeli. Mwenye kejeli ni hasara tupu, hata awe na shahada ngapi.

Sasa tuje kwenye masomo mengi, kwani hapo ndipo penye hoja nzito. Wapo wanaosema kuwa mwalimu mmoja kwa masomo matano ni udanganyifu, na kwamba kila somo lataka bingwa wake. Hata Ibn Khaldun aonya kuwa mtoto asichanganyiwe elimu mbili kwa wakati mmoja, asije akagawanyika nia na kuzikosa zote mbili. Na mzigo wenyewe si mdogo. Kenya, iliyoanzisha sekondari ya chini mwaka 2023 kwa gredi ya 7 hadi ya 9, ilianza na masomo mengi mno hata ikalazimika kuyapunguza hadi 9 mwaka uliofuata; na Tanzania Bara, mtoto aliyesomeshwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali huamka siku moja kidato cha kwanza akakuta karibu kila kitu isipokuwa somo la Kiswahili kinasemwa kwa Kiingereza, hata ile asili na kiasi ya sehemu aliyoizoea, na ile KDS (kigawe kidogo cha shirika) aliyoitafuta kwa raha darasa la sita, vimemgeuka vikawa vigeni. Mwalimu wa jioni atakayemwachia aseme hesabu yake kwa Kiswahili kwanza, kisha airudie kwa Kiingereza, humfanyia hisani ambayo wengi hawaifikirii.

Hata hivyo mimi, katika shauri hili, naegemea upande wa mwalimu mmoja, na sababu yangu ni madaftari yenyewe. Tuseme mtoto amepewa swali la tangi lenye lita 600: robo tatu ya maji yametumiwa, kisha nusu ya yaliyobaki ikamwagika, je, yamebaki maji kiasi gani? Jibu ni lita 75. Mtoto ameandika 450, akaandika 300, akatoa hii katika ile akapata 150. Yaani alipoona "nusu" hakungoja kujua ni nusu ya nini, akaichukua nusu ya tangi zima. Fungua daftari la Kiswahili, zoezi la ufahamu: swali lauliza kwa nini mhusika alibadili nia mwishoni, naye amenakili sentensi ya aya ya kwanza, kwa kuwa ndimo jina la mhusika lilimotokea mara ya kwanza. Fungua la Jiografia: ameulizwa aeleze sababu za mmomonyoko wa udongo katika miteremko, naye ametaja aina za mmomonyoko, moja hadi nne, kwa hati nzuri. Walimu watatu wa shule wameandika maneno matatu: "Zingatia swali", "Jibu kwa maneno yako", "Ongeza bidii". Kila mmoja ameona kosa la somo lake. Aliyeyaweka madaftari matatu juu ya meza moja peke yake ndiye atakayeona kuwa kosa ni moja: mtoto huyu husoma mpaka anapokutana na kitu anachokitambua, kisha huacha kusoma na kuanza kujibu. Bingwa wa Hisabati angemfundisha sehemu, ambazo anazijua. Bingwa wa Jiografia angemfundisha mmomonyoko, ambao anaujua. Na wote wawili wangelipwa. Anachohitaji ni kukalishwa, juma baada ya juma, akisoma swali hadi nukta ya mwisho kwa sauti na kusema linataka nini kabla kalamu haijagusa karatasi, katika Hisabati leo, katika Sayansi kesho, mpaka iwe tabia.

Si kila mtoto ana kosa moja la namna hii, na sitaki msomaji adhani nimepata ufunguo wa kila mlango. Yupo ambaye kusoma kwake ni kuzuri na upungufu wake ni jedwali la kuzidisha ambalo halikushikwa darasa la tatu, nalo humchelewesha katika Hisabati, katika Fizikia, hata katika vipimo vya ramani. Yupo ambaye haoni vizuri ubaoni, naye huhitaji miwani kabla ya mwalimu. Lakini hata hawa hugunduliwa upesi na anayemwona mtoto katika masomo yote kuliko anayemwona katika moja.

Kuhusu onyo la Ibn Khaldun, nadhani tulifuate katika mpango wa jioni na tusilifuate katika mpango wa juma. Masomo matano katika saa mbili ni vurugu; mawili yatosha. Ila kuliacha somo kwa mwezi mzima ili kulikamilisha jingine ni kulisahaulisha, na Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonesha tangu mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, jinsi kilichohifadhiwa kinavyopukutika haraka siku za mwanzo kisiporejewa. Ibn Khaldun huyo huyo ashauri mwanafunzi apitishwe katika fani mara tatu, kila mara kwa undani zaidi. Shauri hilo halijachakaa.

Ubingwa nao usidharauliwe kabisa, kwa maana mwalimu wa masomo yote atafika pahali asipopajua, na siku hiyo ndiyo mtihani wake. Chukua swali jepesi la Sayansi: mti hupata wapi uzito wake? Watoto karibu wote husema katika udongo, na walimu wa jioni si wachache watakaotia vema. Jan Baptist van Helmont, ambaye jaribio lake lilichapishwa mwaka 1648 baada ya kufa kwake, alipanda mche wa ratili 5 katika udongo mkavu wa ratili 200, akaunywesha maji tu kwa miaka mitano; mti ukafika ratili 169, na udongo ukapungua wakia 2 hivi. Akahukumu kuwa mti wote ni maji, naye pia akakosea, maana hakujua kuwa majani huchukua hewa ya ukaa na kuifanya mwili. Mwalimu asiyejua hayo akisema, "Sijui, lete kitabu tutazame," na akatafuta pamoja na mtoto, amefundisha kitu chema. Akibabaisha, amepanda kosa litakalong'olewa kwa taabu kidato cha nne.

Madhara ya desturi hii yanajulikana, kwa hiyo nitayapita kwa haraka. Lililo jepesi kuonekana ni kazi ya shule kufanywa na mwalimu wa nyumbani, mtoto akabaki mnakili: daftari la nyumbani hung'aa kwa vema na karatasi ya mtihani ikarudi na alama 22. La pili ni mtoto kunyimwa usingizi na mchezo, akitoka shule saa kumi na kuingia mezani saa kumi na moja hadi usiku. La tatu ndilo baya kuliko yote: mwalimu anayewafundisha mchana watoto wale wale awauziao somo jioni, akajikuta, kwa kusudi au pasipo kusudi, anakibakisha cha muhimu kwa ajili ya wenye kulipa. Mark Bray, ambaye ameandika juu ya masomo haya ya ziada, ayaitayo ya kivuli, tangu karne iliyopita na mwaka 2021 akatoa kitabu kizima juu ya Afrika, amelitaja jambo hilo mara nyingi, na hakuna mzazi wa mjini anayehitaji kitabu ili alijue.

Serikali zimejaribu marufuku. Korea Kusini ilikataza masomo ya binafsi mwaka 1980. Wenye fedha wakaendelea kwa siri na kwa bei ya juu zaidi, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaitengua amri hiyo. China mwaka 2021 iliyafungia makampuni yaliyofundisha masomo ya mtaala kwa faida. Kenya, katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ilikataza masomo ya likizo na kuweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja au vyote viwili, na bado kila likizo mawaziri hulazimika kukumbusha. Marufuku ya mwalimu kumwuzia mwanafunzi wake mwenyewe naiunga mkono. Marufuku ya mtu kumfundisha mtoto wa jirani mezani haitekelezeki, na sioni kwa nini itamaniwe.

Lililobaki ni la asiye na fedha, nalo ndilo zito, kwa sababu mtoto mwenye kanuni mbovu ya MAGAZIJUTO yuko zaidi katika darasa la watu 90 kuliko katika la watu 25, na huko ndiko mwalimu wa nyumbani asikofika. Zipo dalili kwamba mafundisho haya yaweza kushushwa bei bila kuharibika. Katika shule za serikali za Chicago vijana wa miaka ya mwanzo ya sekondari, wengi wao wakiwa nyuma sana katika Hisabati, walipewa kipindi kimoja kila siku ndani ya ratiba ya shule, mwalimu mmoja kwa vijana wawili, na wafundishaji hawakuwa walimu wa taaluma bali wahitimu waliokubali posho ya kiasi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionesha alama zao kupanda kwa kiwango ambacho wengi walikuwa wamekata tamaa nacho kwa vijana wa umri ule. Karibu na kwetu zaidi, Botswana, shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa maradhi ya korona, watoto wa shule ya msingi walipigiwa simu za kawaida kwa dakika 20 hivi kila juma na kufundishwa hesabu wakiwa na mzazi wao kando. Waliopigiwa walijifunza, na waliotumiwa ujumbe wa maandishi tu hawakuonesha faida ya maana. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye hata Kenya na Uganda. Ona kuwa kilicholeta faida hakikuwa chombo: ujumbe ulipita katika simu ile ile. Ilikuwa ni sauti ya mtu anayesikiliza jibu la mtoto mmoja na kuuliza amelipataje.

Na hapo ndipo chuo kinaporudi. Shule zetu zina vijana wa kidato cha tatu na cha nne wanaojua vizuri yale ambayo wa kidato cha kwanza hawayajui, na wana kumbukumbu mbichi ya kutoyajua; zina mabenchi, zina miti yenye vivuli, na karibu kila moja ina nusu saa ya mchana inayopotea bila kazi. Kinachokosekana ni kuwafundisha wakubwa hao jambo moja tu, nalo ni kuuliza "ulianzaje?" na kungoja jibu, pamoja na mwalimu mmoja wa zamu apitaye baina yao kuwazuia wasigeuke wahubiri. Hawatalingana na mwalimu mwema wa kulipwa. Watakuwa bora mara nyingi kuliko sekunde 40.

Kwa mzazi mwenye uwezo wa kulipa, shauri langu ni fupi: amwite mwalimu kwa mwezi mmoja, amkabidhi madaftari yote kwa pamoja, asidai maelezo marefu wala kurasa zilizojaa, na mwisho wa mwezi amwulize mwalimu huyo mtoto hukosea wapi na kwa nini. Akijibiwa kuwa mtoto ni mvivu, ampe ujira wake, amshukuru, atafute mwingine. Na kwa walimu wakuu, ambao mikononi mwao wamo watoto wengi kupita kiasi cha walimu wote wa nyumbani nchini, ombi langu ni hiyo nusu saa. Haihitaji jengo wala mchango wa wazazi. Yahitaji kuandikwa katika ratiba ya muhula ujao, na mtu wa kuisimamia.